Kiingereza Kilipokuwa Lugha ya Wanakijiji

Cheti cha dawa kutoka hospitali ya misheni ya Mbesa hakina tofauti na vyeti vya hospitali nyingine nchini. Ni kipande cha karatasi ambacho mgonjwa hukikunja na kukifunga kwenye pindo la khanga. Jina la dawa limeandikwa kwa Kiingereza. Mbele yake kuna herufi tatu, TDS, mwandiko wa haraka wa daktari. Dirishani mtoa dawa huandika 1x3 juu ya bahasha ndogo, kisha husema kwa upole: "Bibi, hivi utameza kimoja kutwa mara tatu, ukishakula." Bibi huitikia, "Haya mwanangu," halafu humgeukia mjukuu wake na kumuuliza kwa Kiyao kama ni kabla au baada ya kula.

Zile herufi tatu si za Kiingereza. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini yanayoagiza kwamba dawa imezwe mara tatu kwa siku. Zimefika mpaka Tunduru kwa sababu madaktari wa Uingereza walisoma na kuandika tiba kwa Kilatini karne kwa karne, maana lugha ya mama zao haikuhesabiwa kuwa inafaa kwa kazi hiyo. Hili la mwisho hatulisemi shuleni, na ninaamini tunawadhulumu watoto kwa kutolisema.

Watu wa mbali huita huko kote Songea, lakini Mbesa iko wilaya ya Tunduru, katika nchi ya Wayao, upande wa mto Ruvuma. Mtoto wa huko huongea Kiyao nyumbani na Kiswahili shuleni, na hadi darasa la saba masomo yake karibu yote huwa kwa Kiswahili. Kisha anaingia kidato cha kwanza. Biolojia, jiografia, fizikia, hesabu, vyote vimegeuka Kiingereza kati ya likizo na likizo. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili, usiku anakariri. Akiulizwa swali, anainamisha kichwa. Jibu huenda analijua, ila halijui kwa lugha ile. Baada ya miezi michache anaanza kuamini kuwa hana akili, na imani hiyo ikishamwingia haitoki kwa urahisi. Kwake Kiingereza si lugha tena. Kimekuwa akili yenyewe, kitu ambacho wengine wamezaliwa nacho, yeye amenyimwa.

Huyu mtoto ndiye ninayemfikiria ninapoisoma historia ya Kiingereza, kwa sababu ni historia ya watu waliowahi kukaa kwenye dawati kama lake.

Tuanze mbali kidogo. Majeshi ya Roma yalipoondoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5, wenyeji wa kisiwa kile hawakuwa wakisema Kiingereza. Walisema lugha za Kikelti, ndugu za Kiwelsh cha leo. Kiingereza kililetwa na wageni: Waangli, Wasaksoni na Wajuti, makabila ya kutoka pwani za kaskazini za nchi ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Mtawa Bede, aliyeandika historia ya kanisa la watu wake mwaka 731, aliuweka mwanzo wa uhamiaji huo mwaka 449. Kwa hiyo wamisionari Wajerumani walioanzisha hospitali na kazi ya Kanisa la Biblia pale Mbesa, na Waingereza waliotawala Tanganyika baada ya Wajerumani, lugha zao ni za ukoo mmoja, zilizotengana bahari ilipovukwa.

Wageni hao hawakuwa na vitabu. Mwaka 597 padri Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori, alifika Kent, na pamoja na Ukristo ikaja alfabeti ya Kilatini. Karne mbili baadaye wakaja Waviking kutoka Skandinavia, wakaivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793, kisha wengi wao wakabaki, wakalima, wakaoa. Lugha yao iliingia ndani ya Kiingereza hadi kwenye viungo vyake vya msingi kabisa. Viwakilishi ambavyo Mwingereza wa leo anavitumia kwa kusema "wao" na "-ao" asili yake ni kwa hao waliomchomea nyumba. Lugha ikikopa jina la chakula au nguo ni jambo la kawaida. Ikikopa viwakilishi, ujue watu wameishi pamoja jikoni na kitandani.

Katikati ya vita hivyo na Waviking alitokea mfalme ambaye ningependa kila mwalimu wa Tanzania amjue. Alfred alitawala ufalme wa Wessex kuanzia 871 hadi 899. Aliona kwamba elimu ya Kilatini imekufa katika nchi yake, na mapadri wenyewe hawaielewi misa wanayoisoma. Wengine wangesema dawa ni kuongeza Kilatini. Alfred akaamua vingine: vitabu muhimu vitafsiriwe kwa lugha ya watu, na vijana wenye nafasi wafundishwe kwanza kusoma Kiingereza, kisha wale watakaoendelea juu ndio wafundishwe Kilatini. Yeye mwenyewe alishika kazi ya kutafsiri, akiwa mfalme mwenye vita mlangoni. Hii ni karne ya 9. Lugha aliyoitetea ilikuwa ya wakulima wa kisiwa kidogo cha pembezoni, haina istilahi za falsafa, na haijulikani popote nje ya pwani yake.

Kazi yake karibu ifutwe yote. Mwaka 1066 William wa Normandi alivuka bahari, akamshinda mfalme Harold pale Hastings, na ndani ya kizazi kimoja ardhi, uaskofu na ubwana vikawa mikononi mwa watu wanaosema Kifaransa. Kiingereza hakikupigwa marufuku. Kiliachwa tu kule chini, kwa wachungaji, wapishi na yaya. Ikulu ilisema Kifaransa, kanisa na hati za serikali zilikuwa kwa Kilatini, na mahakamani mawakili walibishana kwa Kifaransa mbele ya mkulima aliyesimama kizimbani akisubiri kuambiwa amefungwa au ameachiwa. Kwa karibu miaka 300 Mwingereza wa kawaida alikuwa mgeni katika mahakama za nchi yake.

Ranulph Higden, mtawa wa Chester, alilalamika katika karne ya 14 kwamba watoto wa Uingereza wanalazimishwa shuleni kuiacha lugha yao na kufafanua masomo kwa Kifaransa, jambo ambalo mataifa mengine hayafanyi. Soma tena sentensi hiyo ukiwa umekaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza, utadhani imeandikwa mwaka huu. Kisha ikaja tauni kubwa ya 1348 na 1349, iliyoua watu wengi mno, walimu wakiwemo, na kuwapandisha thamani wafanyakazi waliobaki, yaani watu wa Kiingereza. Katika vurugu hizo mwalimu mmoja wa sarufi, John Cornwall, alianza kuwafundisha wanafunzi wake kwa Kiingereza, na wengine wakamwiga.

John Trevisa, aliyekuwa akitafsiri kitabu cha Higden, aliongeza maelezo yake mwenyewe mwaka 1385. Malalamiko yale, alisema, yamepitwa na wakati. Sasa shule zote za sarufi zimeacha Kifaransa na zinafundisha kwa Kiingereza. Trevisa alipima pande zote mbili kwa haki. Faida aliyoiona ni kwamba watoto wanajifunza somo kwa muda mfupi kuliko zamani. Hasara ni kwamba hawajui tena Kifaransa, na wakivuka bahari kwenda nchi za watu watapata shida.

Nimeyasikia maneno hayo hayo mawili katika kila kikao cha wazazi nilichowahi kukaa. Mmoja anasema watoto wetu hawaelewi wanachofundishwa. Mwingine anajibu: na wakienda nje watafanyaje? Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Lakini ni vizuri tukajua kwamba mjadala huu Waingereza waliufanya kabla yetu, wakiwa wao ndio wenye lugha dhaifu, na jibu walilolichagua ndilo lililoifanya lugha yao iwe na maneno ya kutosha.

Mwaka 1362 bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kesi zote ziendeshwe kwa Kiingereza. Sababu iliyoandikwa ndani yake ilikuwa wazi: watu hawaelewi yanayosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na ikaagiza kumbukumbu ziendelee kuwekwa kwa Kilatini. Simcheki aliyeiandika. Alikuwa mtu aliyesomeshwa kwa lugha moja, anajaribu kuwafungulia mlango watu wa lugha nyingine, na chombo pekee alichokuwa nacho mkononi ni kile kile alichotaka kukiweka chini.

Turudi Ruvuma, kwa maana Kiingereza kilifika huku kwa njia ambayo wengi hatuitegemei. Hatukuletewa kwanza na mkuu wa wilaya. Miongoni mwa watu wa mwanzo kukiandika katika safari za bara letu ni Myao.

Jacob Wainwright alikuwa Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na meli ya Kiingereza iliyokuwa ikiwasaka wafanyabiashara ya watumwa, akapelekwa India kwenye shule ya wamisionari huko Nasik, karibu na Bombay. Huko alipewa jina la Kizungu na kufundishwa kusoma na kuandika Kiingereza. Mwaka 1872 alikuwa katika kundi la wapagazi waliotumwa na Stanley kwenda kumsaidia David Livingstone. Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya mazishi ya moyo wake na kuchonga maandishi kwenye mti. Ndiye pia aliyeandika kwa Kiingereza shajara ya ile safari nzito ya kuubeba mwili hadi pwani ya Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza ndani ya Westminster Abbey jijini London. Shajara yake ilichapishwa mwaka huo huo, lakini kwa tafsiri ya Kijerumani. Maneno yake mwenyewe ya Kiingereza yalikaa gizani zaidi ya karne moja.

Mwenzake, James Chuma, alikuwa Myao vilevile. Alikombolewa utumwani mwaka 1861 na akawa na Livingstone katika safari ya 1866, ile iliyoanzia Mikindani na kupanda bonde la Ruvuma kuingia nchi ya Wayao. Chuma na Susi, mtumishi mwingine wa Livingstone, walifikishwa Uingereza mwaka 1874, wakakaa na Horace Waller wakimsaidia kuyapanga maandishi ya mwisho ya Livingstone: mto huu uko wapi, kilima hiki kinaitwaje, siku ile kulitokea nini. Kitabu kilichotoka ni cha Kiingereza na kina jina la Mskoti kwenye jalada, lakini kumbukumbu iliyokinyoosha ni ya watu wawili wa Afrika, mmoja wao wa kabila hili.

Najiuliza ni nani Mbesa leo anayefundisha habari za Wainwright. Mtoto anayeinamisha kichwa kwa kuamini kuwa Kiingereza hakikuumbiwa watu kama yeye, angejua kwamba Myao alikiandika vizuri miaka karibu 50 kabla Tanganyika haijawekwa chini ya Uingereza, na kwamba alikiandika kwa sababu alikuwa na jambo la kusema, angekaaje darasani? Na upande wa pili usifichwe: bei ya Kiingereza cha Wainwright ilikuwa utumwa, jina la kupewa na nyumbani asikorudi. Alifia Urambo mwaka 1892.

Baada ya hao ndipo yakaja mambo tunayoyakumbuka zaidi. Wajerumani na Wareno walikubaliana mpaka mwaka 1886, na mto Ruvuma ukawakata Wayao sehemu mbili. Waliobaki upande wa ziwa Nyasa na mto Shire wakaja kuwa chini ya Waingereza. Leo Myao wa Tunduru husoma sheria za nchi kwa Kiswahili na Kiingereza, shemeji yake wa Niassa ng'ambo ya mto kwa Kireno, na ndugu yao wa Mangochi, Malawi, kwa Kiingereza pamoja na Kichewa. Wakikutana msibani huzungumza Kiyao, na hakuna serikali yoyote kati ya hizo tatu iliyowasaidia katika hilo.

Wajerumani waliitawala Ruvuma kwa mkono wa damu. Songea inakumbuka tarehe 27 Februari 1906, siku Wangoni walipoongozwa kwenye kitanzi kwa ajili ya Majimaji, manduna kwa makumi. Lakini katika ofisi zao Wajerumani walitumia Kiswahili, na hilo likaacha alama. Novemba 1917 kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma pale Ngomano akiwakimbia Waingereza, na Kijerumani kikaondoka naye. Waingereza walikuta nchi ambayo maakida na makarani wake tayari wanaandika Kiswahili. Wakakisanifu: mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa 1930, na kamusi za Frederick Johnson zikatoka 1939. Kiingereza wakakiweka juu kwenye ngazi, pale Kifaransa kilipokuwa kwao baada ya 1066. Sidhani kama waliona ufanano huo. Kijana wa Kiingereza aliyekuja kuwa bwana shauri alikuwa amesoma habari za Hastings shuleni, lakini alizisoma kama hadithi ya ushindi, si kama kisa cha mkulima asiyeelewa hukumu yake.

Kuna jambo jingine kuhusu fizikia. Mara nyingi hoja ya kuzuia Kiswahili sekondari ni kwamba sayansi imeandikwa kwa Kiingereza. Kanuni za mwendo anazokariri mwanafunzi wa Mbesa ni za Isaac Newton, na Newton alizitangaza mwaka 1687 kwa Kilatini. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu kile, iliyofanywa na Andrew Motte, ilitoka 1729, Newton akiwa ameshazikwa. Kitabu chake kuhusu mwanga, cha 1704, ndicho alichokiandika kwa Kiingereza. Katika maisha ya mtu mmoja unaiona lugha ikivuka mto. Haikuvuka kwa kungoja maneno yatimie kwanza. Waingereza walianza kuandika, palipopungua wakakopa Kilatini, Kigiriki na Kifaransa bila aibu, na mkopo ule ukawa mali yao.

Kiswahili nacho kimekopa hivyo hivyo, tena katika maeneo yale yale. Ingia mahakama ya mwanzo yoyote Tunduru usikilize: sheria, haki, hakimu, wakili, shahidi, hukumu, dhamana. Maneno haya yametujia kutoka Kiarabu, kama yale ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo yalivyotoka kwa wingi kwenye Kifaransa cha mabwana wa Normandi. Neno jaji tumelichukua kwa Waingereza, wao walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa wamelirithi kutoka Kilatini. Hakuna mkulima wa Mbesa anayeliona geni. Analiogopa tu.

Katika mahakama ya mwanzo mkulima huyo anasikia kesi yake kwa Kiswahili. Lakini akikata rufaa, kwa miaka mingi alikuwa anaiacha lugha yake mlangoni. Alichokisema kwa Kiswahili kiliandikwa kwa Kiingereza kwenye jalada. Hukumu ilitoka kwa Kiingereza. Akaja kuuliza karani amepona au ameangamia. Ulikuwa ni mwaka 1361 wa Uingereza, katika nchi huru. Februari 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikaruhusiwa pale haki inapokihitaji. Siku chache kabla ya hapo, kwenye Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba aliyeandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma, akampandisha Mahakama ya Rufani. Nchi yetu imefanya mambo mengi ya lugha kwa hotuba. Hili lilifanywa kwa maandishi ya sheria, na kwangu ni moja ya siku kubwa za Kiswahili.

Shuleni hatukufika huko. Tume ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Serikali ikasita, kisha ikaacha. Mwalimu Nyerere, mtu yule yule aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Namheshimu na ninaelewa alichokiogopa: kisiwa kisicho na daraja. Ni hofu ya Trevisa. Ila mtoto asiyeelewa somo hajengewi daraja kwa kukariri. Kiingereza chake kinabaki kibovu, na fizikia yake pia.

Na wapo Tunduru waliojifunza Kiingereza bila darasa. Vito vilipogunduliwa kwa wingi kwenye mito ya wilaya hiyo miaka ya 1990, wanunuzi walikuja kutoka Thailand na Sri Lanka. Dalali aliyeishia darasa la saba alikaa mezani na Mthai, jiwe katikati yao, tochi mkononi, wakakubaliana bei kwa Kiingereza ambacho si cha mama wa yeyote kati yao. Alikijua kiasi cha haja yake, kwa sababu haja ilikuwepo na hakuna aliyemcheka.

Sasa niseme lililo gumu, kwa sababu historia ya Kiingereza haiishii kwenye ushindi wa wanyonge. Mwaka 1536, miaka 174 tu tangu Mwingereza aruhusiwe kusikia kesi kwa lugha yake, bunge lile lile lilipitisha sheria juu ya Wales: mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, na asiyetumia Kiingereza asishike cheo. Lugha iliyodhulumiwa ilipopata nguvu ilikaa kwenye kiti kile kile. Mwaka huo huo, karibu na Brussels, William Tyndale alinyongwa na mwili wake kuchomwa moto. Alikuwa amelitafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza na kulichapisha Ujerumani, kwa vile nyumbani hakuruhusiwa. Mwaka mmoja, lugha moja: huku mtu anaifia ili mkulima asome, kule inatumika kumfungia mkulima mwingine mlango.

Mbesa inatuuliza sisi wa Kiswahili swali hilo hilo. Kiyao ndicho kilichokuwepo kabla. Kwa bibi yule wa dirishani Kiswahili ni lugha ya ofisi, ya shule, ya daktari, ya redio. Mjukuu wake anakielewa Kiyao lakini anajibu kwa Kiswahili, na mtoto wa mjukuu huenda asikielewe kabisa. Vitabu vikubwa vinavyokieleza Kiyao, tangu maandishi ya Askofu Steere ya 1871 hadi kamusi ya Sanderson ya 1954 na uchambuzi wa Whiteley wa 1966, vimekieleza kwa Kiingereza. Myao wa kijijini hawezi kuvisoma, na Mswahili anayetaka kukijifunza Kiyao lazima apitie London. Hatuwezi kukililia Kiswahili haki mbele ya Kiingereza huku tukimwambia mtoto wa Mbesa kwamba lugha ya bibi yake ni ushamba. Kiyao kina haki ya kusikika shuleni miaka ya mwanzo, na cha wazee wa sasa kirekodiwe wangali hai.

Kwa walimu wa Kiingereza wa Tunduru, Namtumbo na Songea nina ombi moja. Tengeni kipindi kimoja tu, mwanzoni mwa kidato cha kwanza, kabla ya sarufi. Waambieni watoto habari za Alfred, za John Cornwall, za mkulima aliyehukumiwa kwa Kifaransa, na za Jacob Wainwright aliyeandika shajara akiwa njiani na maiti begani. Kiingereza chenyewe wafundisheni vizuri, kama lugha, kwa vitabu na mazungumzo, kwa maana wanakihitaji na wana haki nacho kamili.

Na kwa wale walioshika sheria ya 2021 na sera za elimu: Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1362, lakini Kilatini na Kifaransa viliendelea kung'ang'ania ndani ya majalada hadi sheria nyingine ilipoanza kutumika mwaka 1733. Ni miaka 371. Sheria ya 2021 ilipopitishwa, sheria zetu nyingi zilikuwa kwa Kiingereza, na vitabu vya sayansi vya sekondari havijaandikwa kwa Kiswahili. Watafsiri tunao, wanaisimu tunao, majaji walioonyesha njia tunao. Kazi ianze bajeti hii.